Tusichokijua Hatuwezi Kukisahau



Jioni moja katika muhula huu, tukiwa zamu ya kuosha vyombo, mafrateri tulianza kuzungumzia habari za Sweden, ambako mwaka 2023 Kurani zilichomwa hadharani na Waislamu wa nchi nyingi wakaandamana. Mmoja wetu, ndugu ninayemheshimu kwa sala zake, akasema: "Mimi hapa siwaelewi. Kitabu tu! Kikichomwa si kinachapwa kingine? Wakichoma Biblia sisi tutawaombea." Tulicheka. Nami nilicheka, na kwa sauti kubwa kuliko wengine, kwa sababu nilitaka mazungumzo yale yaishe haraka.

Usiku nilikosa usingizi. Kicheko changu kilikuwa cha uongo, na naona nimwombe radhi mtu mmoja ambaye huenda hatasoma gazeti hili. Ili nimtaje huyo, inabidi nirudi Mbagala.

Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 2012 nilikuwa na miaka 13. Tulikuwa tunakaa Mbagala, upande wa Rangi Tatu. Watu wazima mnakumbuka kilichotokea. Watoto wawili walibishana, kama watoto wanavyobishana, juu ya kitakachompata mtu akiikojolea Kurani. Mmoja akaikojolea. Habari zikasambaa, umati ukaenda kituo cha polisi kudai upewe mtoto yule, na uliponyimwa ghasia zikaanza. Makanisa kadhaa yalivunjwa na kuchomwa moto. Sisi tulijua tu kwamba kuna moshi, kuna mabomu ya machozi, na baba yuko Kariakoo hawezi kurudi.

Mama alitufungia ndani. Kisha tukasikia mtu anapiga hodi kwa sauti ya kila siku, bila haraka. Alikuwa bibi jirani, Mwislamu, mwenyeji wa Rufiji, mjane. Alikuja na ukili wake chini ya kwapa. Hakuingia ndani. Alitandika kipande cha mkeka barazani kwetu, akakaa, akaanza kusuka. Vijana walipita kwenye uchochoro wetu mara mbili, wengine wameshika mawe. Kila walipopita aliwaita, siyo kwa majina yao, bali kwa majina ya mama zao: "Wewe mtoto wa fulani, mama yako anajua uko wapi?" Wakapita. Hadi leo sijui kama walikuwa na shida na nyumba yetu au walikuwa na njia yao. Ninachojua ni kwamba bibi yule alikaa pale tangu baada ya sala ya Ijumaa hadi giza lilipoingia, na alikwenda kwake kuswali mara moja tu, akaacha ukili wake pale mlangoni kama mtu anayeacha kiti chake ili kisichukuliwe.

Hadithi hiyo nimewahi kuisimulia seminarini, na ndugu zangu huipenda. Hupenda iishie hapo. Lakini haikuishia hapo.

Kabla ya Oktoba ile, kila Krismasi baba alinunua mbuzi na kumwita mjukuu wa bibi aje kuchinja, ili sahani iliyofunikwa kawa iweze kwenda kwa jirani bila mtu kuuliza swali. Siku ya Idd sahani ilirudi na biriani. Krismasi ya 2012 baba alichinja mwenyewe. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemuuliza. Sahani haikwenda, kwa sababu isingelika. Mwaka uliofuata tukajenga ukuta wa tofali za saruji, na geti likaangalia barabara ya upande wa pili. Yule aliyetulinda ndiye tuliyemjengea ukuta.

Baba yangu si mtu mbaya. Alifanya walichofanya Wakristo wengi wa mitaa ile. Lakini hapa darasa la mantiki limenisaidia kuona kosa letu lilipo. Tunafundishwa mwaka wa kwanza kwamba kauli ya "baadhi" haizai kauli ya "wote". Baadhi ya Waislamu wa Mbagala walichoma makanisa; hilo ni kweli na ni uovu, na silipunguzii hata robo. Kuchoma nyumba ya sala kwa sababu ya ujinga wa mtoto ni dhambi na ni jinai, na waliokamatwa walistahili kukamatwa. Umati ule uliruka kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa Wakristo wote. Baba naye akaruka kutoka kwa vijana wenye mawe hadi kwa bibi mwenye ukili. Kosa la kufikiri ni lile lile. La umati liliwaka moto likaonekana. La kwetu lilikuwa ukuta tu, na ukuta hauandikwi magazetini.

Sasa niingie kwenye lile neno, "kitabu tu".

Frateri anayesema hivyo anaipima Kurani kwa kipimo cha Biblia. Ni kosa la kawaida, nami nilikuwa nalo. Biblia kwetu ni Neno la Mungu lililoandikwa na wanadamu waliovuviwa, kila mmoja kwa lugha na tabia yake. Tunaibusu altareni, lakini imani yetu haikusimama juu ya karatasi. Kwetu Neno la Mungu ni Nafsi, ni Yesu Kristo. Mwislamu anapoitaja Kurani anataja neno lenyewe la Mungu, lililoteremshwa kwa Kiarabu. Na wengi wa wanazuoni wa Kisuni wamefundisha kwamba neno hilo halikuumbwa, bali ni la milele. Ndiyo maana msahafu hushikwa kwa udhu na huwekwa juu ya vitabu vyote. Kwa hiyo, tukitaka kujua Mwislamu anaumia wapi, tusimwulize Mkatoliki kuhusu Biblia yake. Tumwulize kuhusu tabernakulo.

Wapendwa waamini, jaribuni kuwaza. Mtu anaingia parokiani kwenu, anavunja tabernakulo, anachukua Hostia zilizowekwa wakfu na kuzifanyia alichofanya mtoto yule wa Mbagala. Je, yupo katika Jumuiya yenu atakayesema "ni mkate tu, utaokwa mwingine"? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1382 (zamani ilikuwa 1367), inasema Mkatoliki anayezitupa Hostia takatifu, au kuzichukua kwa nia ya kukufuru, anajitenga na Kanisa papo hapo kwa tendo lenyewe, na kuondolewa adhabu hiyo kumewekwa mikononi mwa Kiti cha Kitume. Mama Kanisa hana adhabu nyingi kali kuliko hiyo. Sisi wenye kanuni kama hiyo tunapaswa kuwa watu wa mwisho duniani kushangaa kwamba kuna wanaolia kitu chao kitakatifu kinapochafuliwa. Tunaweza kuwaambia msichome. Tukiwaambia msiumie, tunasema uongo kuhusu imani yetu wenyewe.

Na kuandamana? Hapa nitapishana na baadhi ya wasomaji. Nasikia tukisema "Waislamu wanapenda maandamano" kana kwamba kuandamana ni ugonjwa. Tarehe 18 Agosti 2023 maaskofu wetu walitoa waraka wa kupinga mkataba wa bandari ulioihusu kampuni ya DP World, na ukasomwa makanisani. Hawakuvunja kioo cha mtu. Hata hivyo wapo waliosema maaskofu wana udini, wanampinga Rais kwa sababu ni Mwislamu. Nakumbuka tulivyouma meno hapa seminarini. Tulisema: kwa nini wasijibu hoja? Kwa nini wanatazama dini ya msemaji? Swali zuri. Basi Waislamu wanapodai Mahakama ya Kadhi, au wanapolalamikia nafasi za elimu, sisi huwa tunajibu hoja, au tunasema "siasa kali" na kufungua ukurasa mwingine? Unaweza kuipinga Mahakama ya Kadhi kwa sababu nzuri kabisa. Mimi mwenyewe sijashawishika nayo. Lakini anayekataa kumsikia mtu anapozungumza kwa utulivu asishangae sana siku atakapopaza sauti.

Nilifikiri makala yangu ingeishia hapo, na ningeridhika. Kisha nikaenda likizo.

Nilimwambia mama nataka kumsalimia bibi. Mama akanyamaza kidogo, akanipa kilo mbili za sukari nipeleke. Nilizunguka ukuta wetu, njia ya dakika tatu ambayo zamani ilikuwa hatua kumi. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Wewe ndiye yule mdogo? Nimesikia unasomea upadri." Macho yake yameingia ukungu, hasuki tena. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya miguu yake, juu ya mjukuu wake aliyekuwa mchinjaji wetu na sasa anaendesha bajaji. Mwishowe nikamwambia nilichotaka kumwambia kwa miaka kumi na zaidi, kwamba tulikosa adabu kwake baada ya siku ile. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. Kisha akasema, "Hofu naijua, mwanangu. Sisi tuliipata Mwembechai."

Nikamwuliza Mwembechai kulikuwa na nini. Naona aibu kuandika hili, lakini ni kweli: frateri wa falsafa, mzaliwa wa Dar es Salaam, nilikuwa nalijua jina la kituo cha daladala tu.

Akanieleza, na niliporudi niliyasoma mwenyewe. Februari 1998 kulikuwa na malalamiko ya upande wa Wakristo kwamba mihadhara ya Waislamu inamkashifu Yesu. Wahubiri wale walitumia Biblia kubishana kwamba Yesu si Mungu; kwetu ni kufuru, kwao ni itikadi. Polisi waliingia kukamata watu kwenye Msikiti wa Mwembechai, Magomeni, zikazuka vurugu, risasi zikafyatuliwa na watu wakauawa. Wengi walikamatwa. Mmoja wao alikuwa mdogo wake bibi, aliyekaa rumande na, kwa maneno ya bibi, "alirudi hacheki". Kitabu alichoandika Hamza Njozi kuhusu mauaji yale, kilichotoka mwaka 2000, kilipigwa marufuku nchini.

Sikusudii kupima kilo za maumivu ili nijue Mbagala na Mwembechai ipi nzito. Nilichoshangaa ni kwamba mwanamke yule alikuwa na Mwembechai moyoni alipokuja kukaa barazani kwetu. Alikuwa na kila sababu ya kubaki kwake. Sisi hatukujua, kwa sababu kwenye familia yetu, katekisimu yetu na hata seminari yangu, historia ya Wakristo na Waislamu wa nchi hii inaanzia siku tulipoumizwa sisi. Nina hakika zipo nyumba za Waislamu ambako inaanzia Mwembechai, na Mbagala haitajwi.

Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu dini zisizo za Kikristo, Nostra Aetate, la tarehe 28 Oktoba 1965, katika namba ya 3 linatualika sisi na Waislamu tusahau yaliyopita na tujitahidi kwa unyofu kuelewana. Namba hiyo tunaijua kwa mtihani. Mimi sasa naiona ngumu kuliko nilivyoiandika kwenye karatasi ya majibu. Nawezaje kusahau Mwembechai, nami sikuwahi kuijua? Nikimwambia bibi tusahau yaliyopita, ninamwomba asahau yake, na mimi sijaweka kitu mezani. Kwanza lazima yasemwe, na yasikilizwe na yule ambaye hayamsifu.

Kwa hiyo nina ombi kwa walezi wetu na kwa halmashauri za parokia, na naliweka kwa heshima. Salamu za Idd kwa shehe wa jirani ni njema, na ile picha ya padre na shehe wakikata keki tunaipenda wote. Lakini haitoshi. Wakati wa somo la dini nyingine aalikwe Mwislamu atusomeshe mwenyewe, badala ya sisi kumsoma kwenye muhtasari uliorithiwa kutoka kwa waliotutangulia. Mjini kwetu hapa Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Waislamu. Wanafunzi wake tunapishana nao sokoni na kwenye bajaji, na katika miaka yangu hapa sijawahi kukaa na mmoja wao tukabishana kwa amani juu ya Ibn Rushd, ambaye Mtakatifu Tomaso alimsoma kwa makini hata pale alipompinga. Na katika Jumuiya zetu, wazee wawasimulie vijana Mbagala, kisha wawasimulie Mwembechai, jioni ile ile.

Nilipoaga, bibi aliniuliza kama mapadri wanaruhusiwa kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Nikamwambia ndiyo, hatuna katazo. Akauliza kwa nini basi baba yangu aliacha kumwita mjukuu wake. Nilishika kikombe cha chai kilichokuwa tupu tayari. Nikamwambia nitamwuliza baba, na likizo ya Krismasi ndiyo hiyo inakuja.