Wanaotembea Nairobi ni wengi, mbona hawasikiki bajeti ikigawanywa?

KILA alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, maelfu ya wakazi wa Kibra, Mathare, Kawangware na Mukuru hushika njia kwa miguu kuelekea Eneo la Viwandani, Upper Hill na katikati mwa jiji la Nairobi. Hawatembei kwa kupenda mazoezi. Wengi hutembea kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingemeza sehemu kubwa ya ujira wa siku.

Tafiti za wapangaji wa mji zimeonyesha kwamba takriban safari nne kati ya kila kumi jijini hufanywa kwa miguu, na idadi inayokaribiana na hiyo hufanywa kwa matatu. Wanaosafiri kwa magari ya kibinafsi ni wachache mno wakilinganishwa na makundi hayo mawili. Hata hivyo, barabara zimejengwa kana kwamba hao wachache ndio jiji zima.

Gharama ya mpango huo hulipwa kwa damu. Tangu 2021, zaidi ya watu 4,000 wameangamia kila mwaka katika barabara za Kenya kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA). Mwaka nenda mwaka rudi, wapita njia ndio wanaoongoza orodha ya waliofariki.

Barabara Kuu ya Thika ni mfano ulio bayana. Ilipozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ilisifiwa kote Afrika Mashariki kwa upana na kasi yake. Lakini kwa mkazi wa Githurai au Roysambu, safari ya kuvuka kwenda dukani iligeuka kuwa ya kuhatarisha maisha, kwani baadhi ya madaraja ya wapita njia yalicheleweshwa ilhali magari yalikuwa yameanza kutimka.

Serikali ilizoea kuwalaumu wanaovuka chini ya daraja kwamba ni wazembe. Lawama hiyo haitoshi. Daraja likiwa mbali, ngazi zake zikiwa ndefu na taa zake zikiwa hazifanyi kazi usiku, mama mja mzito, mzee wa mkongojo na kijana wa kiti cha magurudumu huachwa bila njia. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika maeneo yote na kutumia usafiri wa umma. Haki hiyo haina maana ikiwa inaishia kwenye kidato cha kwanza cha ngazi.

Muongo mmoja baada ya barabara ya Thika, ilifunguliwa ile ya juu kwa juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Tangu Mei 2022, mwenye gari na pesa za kulipia hupaa juu ya msongamano. Anayetembea hana nafasi huko juu, na miaka ya ujenzi ilimwachia vumbi, matope na vijia vya kubahatisha huku chini.

Si kwamba sera hazipo. Mnamo 2015, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ilikuwa ahadi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, zaidi ya miaka 10 baadaye, njia nyingi za miguu bado hukatika ghafla kwenye mtaro, nguzo ya stima au lango la jengo.

Swali ni hili: kwa nini kundi kubwa kuliko yote barabarani limeshindwa kuidai ahadi iliyoandikwa?

Sababu ya kwanza ni kuwa wanaotembea hawajioni kuwa kundi. Matatu wana vyama vya wamiliki na madereva. Wenye magari wana viongozi wanaopanda magari kama yao. Anayetembea hujiona yuko safarini kwa muda tu, akisubiri siku atakayopata nauli au gari lake mwenyewe. Ni vigumu mtu kupigania hali ambayo anatamani kuiaga.

Sababu ya pili ni kuwa mageuzi mengi yamekuja kwa njia ya amri, si mashauriano. Mnamo Desemba 2018, Gavana Mike Sonko alipiga marufuku matatu katikati mwa jiji. Wagonjwa, wazee na wanafunzi walilazimika kutembea mwendo mrefu, na hasira za umma zikafanya agizo hilo lisitishwe upesi. Miezi michache baadaye, mpango wa Waziri wa Uchukuzi James Macharia wa kufunga baadhi ya barabara za jiji kwa magari siku mbili kwa wiki uliahirishwa.

Wazo la kupunguza magari halikuwa baya. Kosa lilikuwa kuondoa usafiri uliopo kabla ya kuleta mwingine. Anayetembea na anayepanda matatu mara nyingi ni mtu yule yule katika safari moja. Ukimnyima matatu bila kumpa basi wala njia salama ya miguu, hujajenga jiji la kutembea bali umemwadhibu maskini.

Hata ahadi ya mabasi ya kasi ni somo. Mamlaka ya Uchukuzi wa Eneo la Jiji la Nairobi (NaMATA) ilibuniwa 2017, na mistari mitano ikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Mnamo 2018, mistari myekundu ilichorwa kwenye Barabara ya Thika kutengea mabasi hayo njia. Rangi ilififia kabla ya abiria kuyaona mabasi.

Dar es Salaam, kwa upande wake, ilianza huduma ya mwendokasi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Huduma hiyo imeandamwa na uhaba wa mabasi na misururu mirefu ya abiria vituoni. Lakini mgala muue na haki yake mpe: barabara ile ilijengwa pamoja na njia za miguu na vivuko vya kufikia vituo, wala havikungojewa vije baadaye.

Je, sauti ya raia ina uzito wowote? Historia ya karibuni inaonyesha inao. Mwaka 2020, mugumo wa zaidi ya miaka 100 kando ya Waiyaki Way ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya juu. Wanaharakati wa mazingira walipaza sauti, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa agizo uhifadhiwe.

Ushindi huo una mafunzo matatu. Dai lilikuwa moja na lililoeleweka na kila mtu. Liliwasilishwa kabla ya tingatinga kumaliza kazi. Tena, lilielekezwa kwa kiongozi aliyekuwa na uwezo wa kuamua. Kilio cha jumla kwamba "barabara ni mbovu" hakina hata sifa moja kati ya hizo.

Mfano mwingine ni wa vijana waliotumia simu kuchora ramani ya zaidi ya njia 130 za matatu, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na vyuo vya Marekani na kutolewa kwa umma 2014. Kabla ya hapo, mfumo uliobeba mamilioni ya watu haukuwa na ramani yoyote ya umma iliyoukusanya wote. Kisichoonekana kwenye ramani ni rahisi kusahauliwa kwenye bajeti.

Wanaotetea njia za miguu wana mtihani mwingine, nao ni wa haki baina ya wanyonge wenyewe. Mnamo 2019, Luthuli Avenue ilipunguziwa nafasi ya magari na kupanuliwa njia za miguu. Lakini njia pana katikati mwa jiji hugombaniwa na wachuuzi na bodaboda, na jibu la kawaida la serikali huwa rungu la askari wa kaunti. Mchuuzi hufuata miguu ya wateja. Asipotengewa mahali pake katika mchoro tangu mwanzo, atarudi askari akigeuka.

Njia ya kisheria ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti huwasilisha waraka wa mikakati ya fedha kwa bunge lake kufikia Februari 28 baada ya kusikiza maoni ya umma, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka huo huo inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti.

Mikutano hiyo ndiyo mahali pa kuuliza asilimia 20 iko wapi, katika wadi gani, kwenye barabara ipi. Kikundi cha wazazi kinachotaka kivuko mbele ya shule kikiweka dai lake kwenye maandishi mwezi Januari, diwani hatakuwa na kisingizio mwezi Juni bajeti ikipitishwa.

Bandubandu huisha gogo. Barabara za Nairobi hazitabadilika kwa agizo moja la gavana wala kwa maandamano ya siku moja. Zitabadilika pale wengi wanaotembea watakapoacha kujiona wapita njia tu, na kuanza kujihesabu kuwa wenye barabara.