Ua la Mgomba

Katika vibanja vyetu vya Bukoba na Muleba, maua yana misimu yake. Mvua zikianza baada ya kiangazi, mibuni huchanua maua meupe. Harufu yake hufika mpaka uani. Maharage huchanua wakati wa vuli na wakati wa masika. Lakini mgomba haungoji msimu. Ua lake jekundu huning'inia mwaka mzima.

Ua hilo tuliondoe. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana mkoani Kagera. Nyuki na wadudu wengine hufuata utamu wa ua dume. Wakitoka kwenye mgomba mgonjwa, hubeba vijidudu vya ugonjwa. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani huoza.

Ndizi za mwisho za mkungu zikishatokeza, livunje ua kwa mti wenye panda. Usitumie panga, maana panga nalo hubeba ugonjwa.

Wengine husema ua linapendeza. Ni kweli, linapendeza. Lakini nyuki hajui mpaka wa kibanja. Ukiliacha la kwako, jirani hupata hasara. Kwa maoni yangu, kila kijiji kichague siku moja katika wiki, na watu wote wapite vibanjani mwao na miti yao ya panda.