Kubrick alitunyima baba

Wasee, wacheni kuniambia The Shining ya Kubrick ya 1980 imeshinda kitabu. Picha ni kali, sawa. Lakini kwa riwaya ya 1977, Stephen King alituandikia baba anayempenda mtoto wake, anapigana na pombe, halafu anashindwa polepole. Hiyo ndiyo inatisha! Kwa filamu, Jack anakaa mwendawazimu tangu siku ya kwanza. Sasa tunapoteza nani? Kitabuni, karibu na mwisho, akili inamrudia kidogo tu, anamwambia Danny akimbie. Kubrick akaitupa hiyo.

Mtasema ile series ya 1997 ilifuata kitabu na ikaboesha. Iliharibiwa na wanyama wa kompyuta wanaochekesha, si uaminifu.

Mashetani tumezoea. Mzazi unayempenda akibadilika mbele yako, hiyo hauzoei.