Klova katika Malisho ya Milimani

Katika nchi za juu za Kenya uko mmea wenye majani matatu-matatu na maua meupe, utambaao katikati ya nyasi za kikuyu. Ng'ombe huupenda, wala wenyewe hawautazami. Ndio klova nyeupe ya Kenya. Mizizini mwake mna vinundu vidogo, na ndani yake vimo vijidudu vinavyotwaa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kipasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu-chekundu ndani, kazi inaendelea.

Klova nyeupe ya Ulaya ni ndugu yake, lakini haipatani vema na vijidudu vya huku. Mbegu yake hupakwa kwanza vijidudu vyake yenyewe. Asiyefanya hivyo huenda akavuna majani ya manjano tu, na fedha ya mbegu imepotea.

Kwa hei, yaani malisho yaliyokaushwa kuwa akiba ya kiangazi, klova nyekundu yafaa zaidi, maana husimama wima ikakatika vizuri. Ikateni inapoanza kuchanua. Igeuzeni asubuhi ingali na umande, kwa kuwa majani yakikauka mno hupukutika, mkachukua vijiti nyumbani.

Lakini jihadharini, hasa mwenye ng'ombe mmoja. Mnyama mwenye njaa akiingizwa katika klova changa, povu hujaa tumboni, ubavu wa kushoto huvimba kama ngoma, naye aweza kufa kwa saa chache. Mpeni nyasi kavu kwanza, na shambani nyasi ziizidi klova.