Kitalu cha Mpira cha Wajerumani

Mkulima mwenye akili hangoji mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta miche. Wakuu wa mpira wa Ujerumani walilisahau jambo hilo, na katika mwaka wa 2000 wakaona matokeo yake. Katika mashindano ya mataifa ya Ulaya yaliyofanywa Ubelgiji na Uholanzi, timu yao ilicheza mara tatu, ikafunga bao moja tu, ikawa ya mwisho katika kundi lake. Aibu ilikuwa kubwa, kwa maana Wajerumani walikuwa wamekwisha kutwaa Kombe la Dunia mara tatu. Mlinzi wao mashuhuri, Lothar Matthäus, alikuwa na umri wa miaka 39, wala hapakuwa na vijana wa kutosha wa kushika nafasi za wazee.

Ndipo ikaamuliwa kwamba dawa ianzie kitaluni. Tangu mwaka wa 2001, klabu ya daraja la kwanza haikupewa leseni ya kucheza katika ligi yao, iitwayo Bundesliga, ila iwe na shule ya vijana yenye walimu wa kazi hiyo na viwanja vya kujifunzia. Baadaye kidogo sharti hilo likazifikia klabu za daraja la pili. Chama cha Mpira nacho kikafungua mamia ya vituo nchini kote, ili mtoto asiyeonwa na klabu kubwa apate naye mwalimu mwema.

Mavuno hayakuja upesi. Yalikuja mwaka wa 2014, Wajerumani walipoifunga Brazil mabao 7 kwa 1 katika nchi yake yenyewe, kisha wakaishinda Argentina bao 1 kwa 0 na kutwaa Kombe la Dunia. Aliyelifunga bao hilo, Mario Götze, alilelewa na klabu ya Dortmund tangu utotoni.

Lakini miche peke yake si shamba. Yatakiwa na watu wa kulipenda. Kwa kanuni ya mwaka wa 1998, klabu ikifanywa kampuni, wanachama hubaki na zaidi ya nusu ya kura, isipokuwa katika klabu chache kama Leverkusen na Wolfsburg. Mwanachama ana kura yake, awe tajiri au maskini, kama ilivyo katika chama cha ushirika. Huko Dortmund watu wapatao 25,000 husimama katika jukwaa moja kuishangilia timu yao, na tiketi ya kusimama ni rahisi kuliko ya kuketi.

Nguvu ya watu hao ilionekana wazi mapema mwaka wa 2024. Wakuu wa ligi walikuwa wamekusudia kumpa tajiri wa nje fungu la mapato ya televisheni. Watazamaji wakatupa mipira ya tenisi uwanjani, michezo ikasimama mara kwa mara, na mwezi wa Februari shauri hilo likaachwa.

Hata hivyo, Wajerumani walitolewa mapema katika Kombe la Dunia la 2018 na la 2022. Shamba lililopaliliwa jana huota magugu leo, na asiyeshika jembe kila msimu asitumaini kuvuna kila msimu. Lakini klabu ambayo watu wake huiita yetu, na kweli ni yao, haiachwi ukiwa siku ya kushindwa.