Pesa ya umma iende na masharti

Makamanda, simu tunazopigia kelele humu mtandaoni zina chipu ndani, na mwaka 2022 wakubwa walizigombania kwelikweli. Agosti 9 Biden alisaini sheria ya dola bilioni 52.7, nyingi zikiwa za kuvirudisha viwanda Marekani. Oktoba 7 China ikabanwa isiuziwe chipu zenye nguvu wala mashine za kuzitengenezea. Desemba TSMC ya Taiwan ikapandisha uwekezaji wake Arizona, kutoka dola bilioni 12 hadi 40.

Wengi wanashangaa mabilioni. Mimi nimekodolea macho masharti. Ukichukua ruzuku, marufuku kuitumia kununua hisa zako mwenyewe, na kwa miaka 10 hupanui utengenezaji wa chipu za kisasa China. Yote yamo kwenye sheria, anayetaka asome. Kura zilipigwa hadharani, Seneti 64 kwa 33.

Sisemi Marekani ni malaika. Hiyo ya Oktoba ni ubabe mtupu. Ila wewe unayetuambia mkataba wa mwekezaji ni siri: Intel ilipanga foleni kuomba pesa hiyo huku masharti ikiyaona. Huyo wako anaogopa nini?