Masomo ya mu telefone: mega analipa nani, pointi anachukua nani?

Tangu Machi 2020, wakati serikali ilifunga masomo juu ya Covid, wazazi wengi wa Kampemba walijua kama mtoto anaweza kusomea ku telefone. VodaEduc, ile ya fondasyo ya Vodacom pamoja na wizara ya masomo, ilizaliwa mu kile kipindi. Leo hata formasyo za sekirite kazini zinapitia ku tableti. Njo maana sendika inapashwa kuangalia hii kitu, isiachie bainjinia peke yao.

Mahali pa masomo ku intaneti ni kama nyumba. Moodle, ile inatumika dunia nzima tangu 2002, ni moja ya hizo nyumba, tena ya bure. Ndani yake wanaingizaka programu za watu wengine: moja ya video, moja ya mazoezi ya hesabu, ingine ya maswali. Tangu 2010 kuko kanuni inaitwa LTI yenye kuunganisha hivyo vyote. Mwanafunzi anaandika neno la siri mara moja tu, programu inafunguka palepale, na pointi zinarudi zenyewe kwa mwalimu. Ni kazi nzuri. Kila mtu mwenye alishasahau maneno ya siri matatu mu siku moja atanielewa.

Lakini ile programu inabaki kwa mwenyewe, mbali. Kampani ya simu inaweza kusema kurasa za masomo ni za bure, kumbe video ya ndani inatoka pengine na inakula mega. Mtoto anamwambia mama «ni bure», mama anaona forfait imekwisha katikati ya zoezi. Bote babili banasema kweli. Tena Moodle ya telefone inakubali kupakua masomo na kusoma bila rezo. Zile programu za kuingizwa kwa LTI zinaomba rezo kila mara. Mu Bongonga ao Hewa Bora, wakati SNEL inakata moto, kila programu inaongezwa ni mahali pengine pa kukwama.

Sasa pointi. Mu kampani moja ambako nilitumika, wenye walianguka jaribio la sekirite ku tableti hawakuonyeshwa makosa yao. Kontra ikaisha, basi. Maswali yalikuwa ya Kifaransa kizito. Mzee mmoja mwenye kusikia mwamba unalia mbele ya injinia, alianguka juu ya maneno, hapana juu ya kazi. Shefu alikuwa na pointi zake, mwenye programu pia. Yeye mwenyewe hakuwa na kitu mu mukono.

Code minier ya 2018 inalazimisha kampani za mine kutoa angalau 0,3% ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Wakati wakaaji wanaombaka ordinateri za masomo, waulize pia programu za ndani ni za nani, na kama zinatumika bila rezo. Kwa upande wa kazi, sisi sendika tunaomba maswali yawe na Kiswahili, saa za formasyo zihesabiwe kama saa za kazi, na kila mchimbaji apewe karatasi ya pointi zake siku ileile, mbele shefu hajaamua kitu.